Kitambaa cha Shati Moja

Hivi wewe, pacha mmoja akizikwa, mama yao utamwitaje? Fundi cherehani alisumbuka na hilo tangu treni iondoke, maana mteja wake wa siku zote alikuwa amekaa mbele yake, kitambaa mapajani.

"Pole, mama... dada," alisema, akilimeza jina alilozoea.

"Hata wewe unalikwepa jina langu, shoga? Uliyewashonea wanangu mashati sare, kola zote upande!"

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawakauka.

"Naogopa kukutonesha."

"Hiki ni cha shati moja. Dukani niliomba cha mawili, muuzaji akaanza kupima, ndipo nikakumbuka."

Fundi akafuta macho kwa utepe wake wa kupimia, maana leso hakuwa nayo. Treni ikafunga breki. Mteja akainuka.

"Niite Mama Pacha," akasema mlangoni. "Niliwazaa wawili."