Shangazi Kola, Aliyekipa Maana Kitenzi Kigeni

Ifikapo tarehe 30 Juni, mwenzetu ambaye hoteli nzima inamwita Shangazi Kola atatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na siku hiyohiyo atastaafu. Katika kipindi hicho mameneja wamekuja na kuondoka, mazulia yameng'olewa na kutandikwa upya, lifti imegoma na kubembelezwa mara zisizo na idadi. Shangazi amekuwepo.

Jina la Kola alilipata hapahapa kazini. Alianzia chumba cha dobi, kule chini kwenye mvuke, akipiga pasi mashati ya wageni. Kola zake zilisimama wima hata mfanyabiashara mmoja wa vitambaa akateremka mwenyewe kuuliza ni mashine gani ile. Akaonyeshwa mwanamke mfupi mwenye pasi mkononi, anacheka. Hadi leo ukimwamkia, macho yake huanzia shingoni kwako ndipo yapande usoni. Wengi wetu tumezoea kufunga kifungo cha juu kwanza, shikamoo baadaye.

Kutoka dobi alihamishiwa vyumbani, na huko vyumbani ndiko kitenzi kilikomkuta.

Mwenye hoteli alikuwa ameamua kwamba wageni wa ghorofa ya juu wapate mtumishi wao maalumu, kama wale wa majumba makubwa ya ng'ambo. Akaletwa mkufunzi, mzee wa kigeni mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele za yeyote kati yetu. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, akichanganya na Kiingereza kila alipokwama. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele yetu kwenye chumba cha mikutano akauliza, "Nani kati yenu yuko tayari ku-buttle?"

Tulitazamana kama watu waliokaa darasa lisilo lao. Shangazi akainuka, akatoka, akarudi na chupa ya maji baridi juu ya trei, glasi imefunikwa, kitambaa kimekunjwa pembeni. Alikuwa amesikia "bottle", yaani chupa, na kwa kuwa mzee yule alikuwa amezungumza tangu alfajiri bila kulowanisha koo, aliona ombi lenyewe ni la haki kabisa.

Mkufunzi aliitazama chupa, akamtazama aliyeileta, akacheka mpaka akaketi. Kisha akanywa maji yote. "Neno hukulielewa, mama," alisema akijifuta masharubu, "lakini hicho ndicho nilichokuwa nauliza."

Akatueleza kwamba kitenzi hicho ni kufanya kazi ya mtumishi mkuu wa nyumba: kujua mgeni anahitaji nini, kumpa, na kujiondoa bila kelele. Ni neno adimu, alisema, na hata wenye lugha yao hulitamka nusu wakitabasamu, kwa sababu lilizaliwa kinyumenyume. Jina la mtumishi, "butler", lilitangulia, watu wakalikata mkia wakapata kitenzi.

Shangazi hakuliacha lipite. "Kwetu sisi mtu anapika ndipo anaitwa mpishi. Hili lenu mtu alikuja kwanza, kazi ikamfuata?"

"Ndiyo, ndivyo lilivyo."

"Basi mimi nitaanza na kazi. Jina litanikuta njiani."

Lilimkuta mapema. Mafunzo yalipokwisha, yeye ndiye aliyechaguliwa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika hoteli yetu. Kitenzi nacho tulikivisha nguo za kwetu. Tukasema kubatli, kubatliwa, hata kubatliana, hasa wakati wa chai ya wafanyakazi, kila mtu akitaka mwenzake amletee sukari. Utani huo ulitugharimu siku moja. Shangazi alipiga simu mapokezi akasema kwa furaha, "Mgeni wa chumba cha kona nambatli mimi mwenyewe." Dada wa mapokezi, ambaye alikuwa mgeni kazini na hakuujua msamiati wetu, alisikia kwamba mgeni amebatilishwa. Akamfutia chumba. Bwana wa watu aliporudi kutoka mjini alikuta harusi ya wengine imepiga kambi kitandani kwake, gauni na maua juu. Shangazi alimhamishia chumba kizuri zaidi, akampigia pasi suti yake papo hapo, na bwana yule akaishia kualikwa kwenye harusi hiyo.

Lakini siku tuliyoelewa kwa hakika maana ya kitenzi hicho haikuwa ya kuchekesha.

Alikuja mzee mmoja, daktari bingwa wa upasuaji aliyekwisha kustaafu, akiwa na binti yake. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa nao ni mabingwa, walikuwa wamemwandalia chakula cha mchana cha heshima katika ukumbi wetu. Asubuhi ya kwanza Shangazi alimpelekea chai. Aliporudi kuchukua vyombo, kikombe kilikuwa kimejaa, na kisahani kimelowa. Asubuhi ya pili hali ikawa ileile. Mzee alisema hana hamu, huku mikono yake ameificha chini ya shuka.

Shangazi hakuuliza. Asubuhi iliyofuata alileta kikombe kizito chenye mshikio mpana, chai akaimimina nusu tu, akageuka kufungua mapazia polepole kuliko mapazia yoyote yaliyowahi kufunguliwa. Alipogeuka tena, kikombe kilikuwa kitupu.

Mzee alikisukuma kikombe pembeni. "Mama, mikono hii imeshona mioyo ya watu," alisema. "Sasa kijiko kinanishinda. Kesho binti yangu atawaambia naumwa. Siendi."

"Daktari, wewe nenda," Shangazi alimjibu. "Meza niachie mimi."

Akateremka jikoni. Chakula kilichopangwa kilikuwa supu katika sahani pana, kisha mapande makubwa ya nyama ya kuoka. Aliomba supu ya meza kuu iwekwe kwenye vikombe, na nyama ikatwe vipande vidogo. Mpishi mkuu, mtu ambaye nyama yake ni kama mtoto wake wa kuzaa, alishika kiuno. "Niikate kama ya mtoto mchanga? Kwa nani?"

"Kwa wote wa meza hiyo."

"Niambie ni nani, nimkatie huyo peke yake."

"Ukimkatia peke yake, umemtangaza."

Msimamizi wa ukumbi naye alikuja juu. "Shangazi, huku ni kwangu. Wewe ni wa ghorofani."

"Kesho nitakuwa mtumishi wako, kaka yangu. Niagize lolote, ila meza hiyo nipe."

Hakuna aliyepata jina kutoka kwake. Walimkubalia kwa sababu hawakuwahi kumwona akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Basi kesho yake mchana daktari aliketi katikati ya wanafunzi wake, wote wakinywa supu kwa vikombe, mikono miwili, na kila mmoja akila kwa uma tu, bila kisu. Mmoja wa mabingwa alisifu, akidhani ndio mtindo mpya. Mzee alikula akamaliza. Akasimama akahutubia, akawachekesha, akawaliza, na ukumbi ukainuka kumpigia makofi.

Tungebaki hatujui kitu kama si yeye mwenyewe. Siku ya kuondoka alisimama mapokezi akaomba sote tuliokuwa zamu tusogee. Akatueleza yote, kuanzia kikombe cha kwanza. Kisha akamnyooshea Shangazi mkono wake, ukitetemeka waziwazi mbele ya watu, bila kuuficha. Shangazi akaupokea kwa mikono yake miwili. Binti wa daktari aligeukia dirishani. Mpishi mkuu alirudi jikoni haraka, akadai moshi umemwingia machoni, ingawa pale mapokezi hakukuwa na moshi.

Tangu hapo Shangazi amefundisha kila aliyepanda kufanya kazi ghorofa ya juu. Wakimuuliza kitenzi kile kina maana gani, huwaambia ni kumwondolea mtu aibu kabla haijamfikia. Mume wake, fundi seremala, anasema nyumbani pia amefundishwa, na kwamba siku hizi hathubutu kuketi mezani na shati lililokunjamana. Wanawe wote wanaringa kwa ajili yake, na sisi tunaringa pamoja nao.

Shangazi, asante kwa kutufanya tutembee kifua mbele kwa sababu ya kazi ambayo wengine huidharau. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na nyumba yenye vicheko. Kama zawadi, tumekuandalia wewe na mumeo mapumziko katika hoteli ya mji mwingine, ambako hakuna mtu anayekujua. Mtapokelewa mlangoni, mtabebewa mizigo, mtaletewa chai chumbani. Tunakuomba kitu kimoja tu: wakigonga mlango, usiinuke. Sema tu, "Karibu," uendelee kukaa.