Gunia la Kumuaga Bwana Shamba

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, wazee wa maboma yote, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, na wewe Bwana Shamba Elihuruma unayestaafu leo, poleni na jua.

Mimi Nosim, mwenyekiti wa wakulima wa shayiri, nimepewa kazi ya kukabidhi zawadi. Mnaujua utaratibu wetu: anayestaafu kwetu haondoki mikono mitupu, kila nyumba humimina bakuli la mbegu katika gunia moja, naye huenda kuzipanda kwao. Gunia lenyewe ni hili, na ninaogopa hata kulisogelea.

Asubuhi mkwe wangu Silantoi alitia mkono humu kusawazisha mbegu apate kulifunga utepe. Mkono ukatoka mweusi. Akaniuliza, "Yeyo, mama yangu, nani kamwaga masizi?" Nikamwambia anyamaze kwanza. Hayakuwa masizi, ndugu zangu. Ni fugwe, ule ukungu unaokula punje kwa ndani ukaacha vumbi jeusi. Mashine ya kupukuchua ikiipasua punje hiyo, vumbi linashika mbegu zote nzima. Nani alituonya kwamba mashine moja ikizunguka maboma yote bila kusafishwa itatuzungushia na ugonjwa? Si huyu tunayemuaga? Tukampigia makofi, kisha tukaenda kupanga foleni ya mashine ileile.

Sasa mtu aliyetulea miaka yote hii tumpe maradhi ayapeleke Siha, kwenye mashamba ya ndugu zake? Silantoi alisema, "Tulifunge tu, Yeyo, tusiaibike mbele ya Diwani. Ataona mwenyewe akifika." Nami nilitamani iwe hivyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Bwana Shamba, kwetu kukataa zawadi ni tusi. Leo nakuomba mbele ya watu wote hawa: ikatae. Ikatae, nasi tutaichoma.

Naona mnatazamana, mnataka kujua bakuli la nani limeleta haya. Hata mimi nilitaka kujua. Kabla sijaja hapa nilichota konzi ya mbegu ghalani kwangu, nikaisugua kwenye kitambaa cheupe cha kanisani. Kitambaa kimekuwa cheusi, ninacho hapa mkononi. Nendeni nanyi mkasugue za kwenu kabla mvua haijaanza.

Nawashukuru kwa kunivumilia, na asanteni kwa kunisikiliza.