Kamba Iliyonyooka

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa sabini na tano, benchi la Mbaraka muuza kahawa lilijaa mapema. Mvua ilikuwa imeshuka na barabara ya kijiji kipya, ikachimba korongo na kubomoa jiko la jirani yao Klara. Barabara ile ilinyooka kutoka kileleni hadi bondeni, ili viongozi wanaopita chini kwenda Lushoto waone nyumba zimepangwa mistari. Siku ya kuipima, aliyeshika kamba alikuwa Sefania, na tangu siku hiyo kijiwe kizima kilimwita Kamba. Mwanzoni alilipenda jina hilo.

— Mvua hii si bure, alisema Omari, ambaye kwa kujua habari zote aliitwa Redio. Wamarekani wamekanyaga mwezi. Tangu hapo mawingu yamepotea njia.

— Mwezi uko mbali, alisema Silvano, mpima chumvi wa duka la ushirika, aliyeitwa Mizani. Tatizo ni uzito. Kaya zote zilizotawanyika tumezirundika mgongo mmoja. Mlima umeelemewa, unatutema.

— Basi hama wewe kwanza, Mizani. Tumbo lako peke yake ni kaya mbili.

Wakacheka. Sefania hakucheka. Aliyakumbuka matuta ya mama yake, yalivyokuwa yakilala kukingama mteremko na kuzuia maji. Akaikumbuka na migomba ya kina Klara, iliyokatwa ili kamba ipite.

— Kamba, mbona kimya? aliuliza Redio. Si wewe mhandisi wetu?

— Nakunywa kahawa.

— Mbona kikombe kimejaa?

Klara akatokea, matope hadi magotini, sufuria iliyopondeka kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu. Pole kwa jiko.

— Ahsanteni. Nina swali dogo tu. Siku ile mlipopima, mlisema maji yapite wapi?

Mbaraka akainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

— Hatukusema, alijibu Sefania, sauti ikiwa chini. Bwana mpimaji wa wilaya aliuliza mara mbili kama kuna mwenye swali. Mimi nilikuwa nalo, hilo hilo lako. Lakini nilikuwa nimeshika kamba, watu wote wananitazama. Nikanyamaza.

Klara aliihamishia sufuria kwapa la pili.

Sefania akakiweka kikombe chini, bado kimejaa.

— Mbaraka, niazime jembe.

— La nini, mzee?

— Kuchimba matuta. Ya kukingama, kama ya mama.

Akashuka na jembe nyuma ya Klara, asithubutu kutembea sambamba naye.