Nilifumua Lori la Mume Wangu Kama Sweta

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Ile honi iliyolia nje wakati kwaya inaanza wimbo wa kwanza, mkageuka wote kutazama mlangoni, ni lori letu. Linapiga honi kila likikata kona kushoto, na kuingia hapa kanisani lazima ukate kushoto. Mtusamehe. Nitawaeleza sababu, maana hiyo honi ndiyo ushuhuda wangu.

Mnanijua. Mimi ni Mama Upendo, mfuma masweta wa hapa Nyololo. Watoto wenu wengi wakienda shule kwenye ukungu wa asubuhi wamevaa kazi ya mikono yangu. Na mnajua huwa situlii. Mchungaji akirefusha mahubiri, natoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Nikifuma nikaona kosa moja, hata kama liko mstari wa chini kabisa, siwezi kulivumilia. Nafumua sweta lote, nakunja uzi kuwa donge, naanza upya. Nilijiona mtu wa bidii, kumbe nilikuwa mtu wa kukimbia.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, lile la zamani lenye pua ndefu. Miaka mingi alibeba mpunga kutoka Ubaruku kupeleka Iringa, na nyaya zote za lori lile alizifunga yeye, kwa namna yake. Mwaka jana kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Mtu aliyekuwa akianza kusimulia kwenye chai ya asubuhi anamaliza kwenye chakula cha mchana, akawa kimya. Hospitali waliniambia nimzungumzishe kila siku, nisiache. Nikaitikia vizuri kabisa.

Ndugu zangu, sikumzungumzisha. Leo naungama mbele yenu. Siku za kwanza nilijaribu. Nilisema neno, nikasubiri, akanitazama, hakikutoka kitu. Ukimya ule ulinichoma. Nikawa namlisha uji nimesimama. Nikawa namwogesha haraka haraka, kama ninayesugua sufuria. Namweka barazani, namfunika blanketi, naondoka kutafuta kazi ya kufanya. Hapa mbele nilikuja mara tatu mkaniombea apone, na kila nikirudi nyumbani nilipitia mlango wa nyuma, nisipite mbele yake pale barazani.

Kazi zilipokwisha, nikaliona lori. Lilikaa uani na mabaki ya pumba ndani yake, panya wakaingia, wakatafuna nyaya chini ya dashibodi. Nikasema nitalitengeneza mwenyewe. Mimi, ambaye sijawahi kufungua hata swichi ya taa! Lakini nikafikiri waya ni uzi tu, na uzi naujua. Nikafungua boneti, nikaona hapa pametafunwa, pale tepu imekauka, na mikono ikafanya ilichozoea. Nikafumua. Nikafumua zote, hata zile nzima. Ilipofika saa kumi nilikuwa na beseni limejaa madonge ya waya, nimeyakunja safi kabisa, na lori halina waya hata mmoja. Ndipo nikajiuliza kila mmoja ulitoka wapi.

Mume wangu alikuwa barazani, ameona yote. Nakumbuka alikuwa anatoa sauti kooni. Nilidhani ana kiu, nikampa maji, nikarudi kwenye lori. Kumbe alikuwa anatazama kazi ya mikono yake ikifumuliwa na mke ambaye hata hamsemeshi.

Kuanzia kesho yake akakataa uji. Alibana midomo, akipokea maji na vijiko viwili vitatu tu. Wiki ya kwanza nikasema ni homa. Wiki ya pili mashavu yakaingia ndani, shati likawa linamcheza mabegani. Nilijua kabisa kwamba mtu huyu anaondoka, na bado nilikuwa chini ya dashibodi. Najaribu waya huu, cheche. Najaribu ule, moshi. Naomba, Bwana nionyeshe, halafu siwezi kungoja jibu, nashika mwingine.

Nikapanda basi hadi Uyole, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vipuri, ambaye niliambiwa anayajua malori ya zamani. Nikamwaga beseni lote juu ya kaunta yake. Akazigeuza geuza zile nyaya.

"Mama, hizi alifunga nani?"

"Mume wangu."

"Marehemu?"

"Hapana. Yupo nyumbani."

"Basi si umuulize mwenyewe?"

"Haongei, mzee wangu. Alipata kiharusi."

"Kusikia, je? Anasikia?"

Ndugu zangu, sikilizeni hili. Miezi saba nalala kitanda kimoja na mtu huyu, na sikujua kama anasikia. Mzee yule hakunicheka. Alirudisha nyaya kwenye beseni, moja moja, akasema, "Rudi nyumbani, mama. Leo sina cha kukuuzia."

Kwenye basi nilikumbatia beseni njia nzima. Niliogopa kwamba nitamuuliza, atanitazama tu, na hapo nitajua kwamba mume wangu hayupo tena ndani ya mwili ule. Hofu hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbia tangu mwanzo.

Asubuhi nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake. Nikainua waya mmoja. Nikamwambia, "Baba Upendo, nimekuharibia lori lako. Naomba unisamehe. Huu ni wa wapi?" Nikasubiri. Miguu inataka kuondoka, vidole vinatafuta sindano. Nikasema moyoni, Yesu, nishike miguu hii. Ulikuwa muda mrefu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kutoroka. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda polepole, ukagusa jicho.

Taa ya mbele. Alikuwepo! Siku zote alikuwepo, akiningoja nikae.

Nililia, lakini sikusimama. Nikainua mwingine, akajigusa mgongoni: taa za nyuma. Mwingine, bega la kushoto: indiketa. Mwingine, akaushika ule mkono wa kulia uliolala, akauinua kwa mkono mzima, akanionyesha: indiketa ya kulia. Wa honi, akagusa midomo yake. Kila waya nikaufunga kipande cha uzi wa sweta, kwa rangi yake. Tulikwenda hivyo siku kadhaa, nikirudisha waya mmoja mmoja kwenye lori, na siku ya pili akanywa uji, bakuli zima, maana nilimnywesha nimekaa.

Siku ya kujaribu, mdogo wake alikuja, tukampandisha kwenye lori. Taa zikawaka. Nikabonyeza indiketa ya kushoto, na honi ikaanza: pii, pii, pii, kila taa ikiwaka. Nilikuwa nimechanganya uzi wa bluu wa honi na wa zambarau wa indiketa, chini ya dashibodi hazitofautiani. Nikashika plaizi nifumue yote upya.

Mume wangu akacheka. Kicheko kimepinda upande mmoja, lakini ni chake kile kile. Ilikuwa sauti yake ya kwanza ya furaha tangu augue. Akanishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Nikaiweka plaizi chini. Maishani mwangu sijawahi kuona kosa nikaliacha, ila siku ile niliketi pembeni yake tukalisikiliza.

Basi namshukuru Mungu, na ninasema ukweli: mume wangu hajapona. Neno bado halijatoka. Aliyefunguliwa ni mimi. Na wewe uliye na mtu nyumbani unayempitia mlango wa nyuma, mwamini Bwana, atakushika miguu kama alivyonishika mimi.

Baba Upendo yuko nje, kwenye lori, mdogo wake ndiye aliyetuendesha. Mkitoka, msimpungie tu mkono na kupita. Msogeleeni, mwambieni jambo, halafu msiondoke. Jibu lake linachelewa kidogo, lakini linakuja.