Kibano Kwenye Mkia wa Ndege ya Evon Chikoyak

Baba Padri, wifi yangu Olinka, wana wa Nunaraq, na ninyi mlioteremka na ndege kutoka vijiji vya juu ya mto, mimi ni Matrona, dada wa marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma, na aliyekuja kusikia sifa tupu avumilie, samaki na chai vitamngoja.

Ndugu yetu Evon Chikoyak alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa hapa Nunaraq, kando ya mto Kuskokwim, mtoto wa kwanza wa mzee Wassily na mama Fedosia, akasoma shule ya kijiji hadi darasa la nane, akapelekwa bweni mjini, akafukuzwa kwa kumvunja mwalimu jino, akarudi nyumbani anacheka.

Mwaka 1979 akapata leseni ya urubani, na hapo simdhulumu, Alaska nzima hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa ndege ndogo, maana wengine walirusha kwa mikono, yeye alirusha kwa miguu, akizikanyaga pedeli za usukani wa mkia taratibu, akitua juu ya barafu upepo ukipiga ubavuni na chai ya abiria isimwagike. Akafundisha marubani wengi, wengine mmekaa hapo mbele, na miundi yenu inaikumbuka fimbo yake. "Hiyo ni miguu au magogo?" aliwauliza, nanyi mlicheka kila aliyechapwa alipokuwa mwenzenu.

Tarehe 14 Juni 1986 akamwoa Olinka, wakajaliwa mtoto mmoja, Zakar, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1997, na huyo ndiye aliyeonja ukali wa baba yake kuliko wote. "Mbwa anaujua mkia wake, wewe wa ndege umekushinda," alimwambia mbele za watu, na kijana akainama tu, akaendelea kujifunza.

Desturi yake mnaijua. Mwanafunzi akimaliza kuikagua ndege, Evon hurudi kwa siri akaiharibu kidogo, akalegeza kifuniko cha mafuta, ama akarudisha kile kibano cha mbao kinachoushika usukani wa mkia ili upepo usiupigepige ndege ikiwa imeegeshwa, kisha hukaa pembeni aone kama mtu atakagua tena kabla ya kuruka. Vibano vya wenzake ni vyekundu, chake alikipaka rangi nyeupe kama mkia wenyewe, kisionekane, na sisi sote tukamsifu kwamba huyo ndiye mwalimu.

Tarehe 11 Februari mwaka huu, Zakar alikuwa ameshakagua na kupanda, simu ya upepo ikaita kwamba Agafia, mke wa Nikifor, anatoka damu na mimba yake ni ya miezi saba. Walipomleta na kumlaza ndani, Evon alimvuta mwanawe kitini. "Shuka! Huyu si mgonjwa wa kujifunzia!" Akaketi yeye, hakuizunguka ndege, pedeli zikawa ngumu, akadhani waya zimeganda kwa baridi, akaondoka hivyo hivyo, na ndege ilipoinuka upepo wa ubavuni ukaichukua, mkia haukuitika, ikaanguka kwenye vichaka vya ng'ambo, Agafia akafa pale pale na mwanawe tumboni.

Evon alitolewa amevunjika uti wa mgongo, akalazwa Anchorage, na kila aliyekwenda kumtazama alimwambia jambo moja. "Zakar hakutoa kibano." Mkaamini, mkamtemea mate dukani, nawe Nikifor ukamvunjia madirisha, na hata jeneza hili amelileta Zakar kwa ndege peke yake, kwa sababu hakuna aliyekubali kupanda naye.

Sasa sikilizeni, na Olinka yupo hapa, alisikia kama mimi. Siku mbili kabla ya kufa Evon alituambia, "Dogo alikitoa. Nilikirudisha mimi, nimpime, simu ilipoita nikasahau." Nikamwambia, "Basi kaka, waite watu uwaambie." Akanitazama bila haya. "Ndege imekwenda, miguu imekwenda, niwape na jina? Yeye bado kijana, atazoea." Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu wa kwetu aliingia na mke wa mtu. Alifariki tarehe 3 Machi, hajamwita mtu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kujua wanamhudumia nani, majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, na marubani wenzake mliomsifu asubuhi hii hadi mkalia. Nikifor, baba yangu, uliyekuwa ukimtafuta yumo ndani ya sanduku hili, yule uliyemvunjia madirisha mwache, hana kosa lolote, naye anataka kukuomba radhi ambayo si yake.

Evon, ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nilikupenda, na bado nakupenda, Mungu anisamehe. Lala, kaka yangu, upumzike kwa amani, kama Agafia atakuruhusu.