Mwalimu Antipasi Mughwai na Kwaya Iliyoita Ng'ombe

Mimi Laurenti, mhudumu wa Shule ya Msingi Mawe Mawili, ni mtu wa bahati, na anayebisha aje tuoneshane. Nimekata mkonge Tanga miaka minne na mwiba haukunipata jicho. Nimelala Mombasa kwa watu nisiowajua nikaamka na viatu vyangu miguuni. Na siku ile ng'ombe wa eneo zima walipovamia meza ya mgeni hapa shuleni, wa kwangu hakuwamo hata mmoja. Kwa bahati hiyohiyo nimepewa mimi kuandika habari za Mwalimu Antipasi Mughwai, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 1985, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi, yote katika shule hii moja. Walimu wenye vyeti wangeiandika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, lakini siku ile hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Alikuja mwaka 1962, Uhuru haujatimiza hata mwaka, akiwa mwanachuo wa ualimu aliyetumwa kwetu kwa mazoezi ya miezi mitatu. Wenzake walikuwa vijana. Yeye alikuwa na miaka thelathini na miwili, mke wake Marietha na watoto wanne. Kabla ya hapo alikuwa fundi nguo Ikungi, na cherehani aliiuza ili aingie chuoni. "Laurenti, nikifeli hapa sina hata sindano ya kurudia," aliniambia wiki ya kwanza, tukiwa tumesimama chini ya ile ringi ya lori ninayoigonga kuwa kengele. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, yuko na mimi. Nilikuwa kazini siku ya tisa.

Darasani alikuwa sawa. Mtihani ulikuwa nje. Chuo kilitaka kila mwanachuo aanzishe shughuli moja ya wanafunzi nje ya darasa, na mkufunzi aje kuikagua. Akaanza na mpira. Siku ya kwanza walikuja wachezaji saba na ng'ombe thelathini, maana watoto wa huku jioni ni wachungaji, na wengine hata asubuhi. Daftari lilikuwa na majina arobaini na sita. Madawati yalikuwa na watoto ishirini na kitu.

Wengine wangeandika barua ya kulalamika kwa wazazi. Yeye alizunguka nyumba zote kumi na tisa kwa miguu, akaomba kitu kimoja: ng'ombe wote wachungwe pamoja, na wanafunzi wawili tu kwa siku, kwa zamu, wengine wabaki shuleni. Mzee Msengi, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, alimcheka mpaka akashika mbavu. "Wakichangamana atawatenganisha nani, wewe na chaki yako?"

Mwalimu hakujua. Alikulia misheni, mtoto wa seremala, na ng'ombe alimzoea kwenye sahani. Waliojua ni watoto. Jioni ya kwanza ya zamu, ng'ombe mia na sitini walifika uwanjani kati ya yale mawe mawili makubwa yaliyoipa shule jina. Mtoto mmoja akajitenga, akaimba wito wa nyumba yao kwa Kinyiramba, sauti nyembamba inayopanda halafu inakatika. Katika kundi lile, vichwa tisa vikainuka. Tisa tu. Wakajichomoa kama uzi kwenye kitambaa, wakamfuata. Akaja mwingine, na wito mwingine. Kabla jua halijazama uwanja ulikuwa mtupu, na kila ng'ombe yuko kwenye njia ya kwao. Sisi tumekua tunaliona jambo hilo, hatulioni tena. Mwalimu alisimama mdomo wazi, nzi angeingia, akazunguka na kutoka salama. "Laurenti," akasema, "hawa watoto mnawafundisha nini zaidi?"

Sasa ndipo kosa likazaliwa. Mwalimu alikuwa mtu wa kwaya. Aliwaza kwamba sauti nzuri hivyo zisipotee moja moja porini. Akachukua miito yote kumi na tisa, akaipanga kuwa wimbo mmoja, wa juu huku, wa chini kule, watoto arobaini kwa pamoja. Walifanya mazoezi saa tano asubuhi, ng'ombe wakiwa mbali mbugani. Hakuna mtoto aliyemwonya. Mwalimu akisema, amesema. Na sisi watu wazima tulifurahia muziki tukasahau unamwita nani.

Mkufunzi, Bwana Mazengo, alitarajiwa saa nne asubuhi. Lori lilimfikisha saa kumi na moja jioni. Mwalimu alikuwa mwangalifu, alishaagiza mafahali wote wafungwe majumbani siku hiyo, na mhudumu apite kuhakikisha. Bwana Mazengo alikaa mezani, soksi nyeupe hadi magotini, karatasi za alama mbele yake, na chai ya Mama Marietha pembeni. Watoto wakasimama mstari. Wakaimba.

Kwanza tulisikia ardhi. Halafu vumbi. Halafu ng'ombe zaidi ya mia wa nyumba kumi na tisa wakatokea kati ya mawe, kila mmoja ameitwa nyumbani, na nyumbani ni pale penye meza. Mbele yao alikuwa fahali mweusi, mkubwa kama kanisa. Meza iliondoka na miguu miwili. Bwana Mazengo alipanda jiwe linalowashinda vijana, na hakuna aliyeona alivyolipanda.

Akiwa huko juu akauliza, "Fahali huyu wa nani? Nimeambiwa walifungwa wote!" Sisi huku tunajuana mpaka mikia ya mifugo yetu, lakini kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu akavua kofia. "Ni wa shule, Bwana. Kosa ni langu peke yangu."

Nilijua cherehani imekwenda bure. Kila mtu alijua.

Hapo Lea akatoka mstarini, msichana wa darasa la tatu, wa nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume. Hakuagizwa. Akaimba wito wao peke yake katikati ya pembe zile. Ng'ombe sita wakageuka. Akafuata mwenzake, na mwenzake. Vumbi likashuka, mistari kumi na tisa ikaenda njia kumi na tisa, na fahali akafuata majike, ndiyo tabia ya mafahali. Bwana Mazengo alishuka taratibu, kalamu imekauka mkononi. Akamwomba Lea amwite hata mmoja arudi, aone tena. "Shikamoo, Bwana," Lea akasema kwanza. "Haiwezekani. Ng'ombe ukimwita bure, kesho haji."

Bwana Mazengo alimpa Mwalimu alama zote za nidhamu ya wanafunzi, na za utaratibu na usalama akampa sifuri. Alifaulu kwa upana wa ukucha. Lakini ile sifuri ilikaa kwenye faili. Aliomba mwenyewe kurudishwa hapa, wenzake wakapanda vyeo, yeye alisubiri chake miaka sita, na sijamsikia akilalamika. Zamu aliiendeleza. Serikali ilipotukusanya kijijini mwaka 1974 na nyumba zikawa mia mbili, akaigawa makundi kumi, na madawati hayakupungua watoto. Kwenye kisomo cha watu wazima alinifundisha hata mimi kuandika herufi kubwa na ndogo, kazi ambayo walimu watatu walishaikimbia. Lea sasa ni muuguzi Kinyangiri, na leo yuko hapa mstari wa mbele.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu, wazazi, wanafunzi na wafanyakazi wote, asante. Umelala vibaya ili watoto wetu wakae vizuri. Wewe na Mama Marietha mpate afya, mvua za kutosha, na wajukuu wanaosikia wakiitwa.

Lakini ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo. Fahali mweusi alikuwa wangu. Nilipita nyumba nyingine zote kumi na nane kuhakikisha, wa kwangu sikumfunga, kwa sababu nilitaka mgeni amwone. Ulijua tangu siku ile. Nisamehe, Mwalimu.