Dau la Miaka Mitano Pale Kenyatta Market

Akina mama wa chama chetu, mniruhusu niongee nikiwa nimekaa, maana habari hii bado ni nzito kwangu. Jina la mtu sitataja. Mkimtambua, mnyamaze tu.

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market. Kibanda tulikodi wawili: mimi nasuka, rafiki yangu anauza wigi. Na si rafiki wa salamu tu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, yeye ndiye alinishika mkono.

Siku moja kwenye sherehe ya wachuuzi, nyama ikiwa mezani, alisimama akasema, "Miaka mitano kutoka leo, hakuna mwanamke wa Nairobi atakaa kutwa nzima akisukwa. Wote watavaa wigi."

Nikamjibu, "Miaka mitano kutoka leo utanipata hapa hapa nikisuka."

Watu wakapiga makofi, mzaha ukageuka dau. Mbele ya soko zima tukakubaliana: atakayeshindwa amwachie mwenzake kibanda. Tukashikana mikono tukicheka.

Ndugu zangu, mwaka wa nne wateja wakaanza kupotea. Wale wa kila mwezi, hata maharusi. Nikawa nakaa tu nikitazama watu wakipita. Yeye ananimiminia chai, ananiambia, "Usijilaumu, dada. Ni nyakati tu." Nikaamini. Nikaona kweli dunia imenipita. Mwishowe niliacha kazi, nikajifungia nyumbani Uthiru, hata kuoga kukawa mzigo.

Mwenyekiti wetu huyu ndiye alikuja kunitoa. Akanipeleka kwa daktari kule Hurlingham, kwa sababu usingizi ulikuwa umenihama. Kwenye foleni, mama mmoja akageuka: mteja wangu wa zamani! Akashika vidole vyangu, akavigeuzageuza.

"Kwani vilipona?"

"Viliumia lini?"

"Si nilipiga simu, rafiki yako akasema mikono imekufa ganzi, hutasuka tena? Akatuambia tusikuulize, eti utalia."

Simu ya kibanda ilikuwa moja, na aliyeipokea ni yeye.

Nilimwendea siku hiyo hiyo. Hakukana. Aliendelea kuchana wigi, akasema, "Ulidhani nitakaa tu nikingoja miaka iishe?"

Nawaambia, hapo ndipo nililia. Si kwa sababu ya wateja. Ni ile chai.

Yule mama wa foleni aliwapigia simu wateja wenzake. Siku ya dau ilipofika walijaa hadi kwenye ujia, kila mmoja akitaka mikono yangu, na soko likashuhudia. Rafiki yangu alifunga mizigo akaondoka bila kuniangalia. Sikumwita.

Mwenyekiti, asante kwa kugonga mlango wangu ukakataa kuondoka. Na yule mama wa foleni, popote alipo, Mungu ambariki kwa kuniuliza usoni kile walichonong'ona wengine.

Dada zangu, mtu akikuambia kesho yako imekufa, hata kama anakupenda, toka ukaulize mwenyewe. Wateja wamerudi. Nalala. Kumsamehe, bado sijaweza. Mniombee.